Mwaka Dagaa Alipoanza Kuanguka

Stela alinipigia simu nikiwa jikoni kwangu Makambako nachambua maharage. Namba sikuijua, na sauti sikuitambua mpaka aliponiita "bosi", jina la utani alilonipa tulipokuwa tunakaa nyumba moja Kibondo na mimi nikiwa katibu muhtasi tu, mtu wa kuchapa barua za mabosi wenyewe. Alisema Bi Mwamvua amefariki. Wamemzika Kasulu kwa watoto wa kaka yake, alikohamia baada ya macho kumwishia nguvu. "Yule bibi wa paka," akaongeza, kana kwamba ningeweza kumsahau. Nilisikia watoto wakicheza upande wake, na mtu akiita ng'ombe. Kisha akaniuliza, kwa sauti ya mtu anayepita juu ya utelezi, "Na afya, Edina?" Nikamwambia naendelea na dawa. "Mungu mwema," akasema, na tukaagana bila kukumbushana lolote. Nilirudi kwenye ungo, nikaendelea kutenga mawe na maharage, na machozi hayakuja. Kilichokuja ni sauti ya kucha za paka zikikwaruza sakafu ya saruji, kavu na ya haraka, na nyuma yake mwaka mzima ukaja.

Nilifika Kibondo mwanzoni mwa mwaka 2013, ajira yangu ya kwanza, nikapangiwa ofisi za halmashauri. Nilipata chumba kwa Bi Mwamvua, mtaa wa nyuma ya soko, katika nyumba ya matofali ya kuchoma yenye bati lililoshika kutu. Chumba cha mbele kilikuwa duka enzi za mumewe. Mume alikufa, duka likafa, lakini kaunta ilibaki, na rafu tupu zilibaki, na ile harufu ya sabuni ya mche na mafuta ya taa haikuwahi kutoka ukutani. Hapo ndipo palipokuwa ukumbi wetu. Tulikaa chini ya rafu zile kama wateja waliosahauliwa: Bi Mwamvua, mjane wa Ujiji aliyeanza kila hadithi kwa "kwetu sisi Ujiji", mimi, Mkristo wa nyanda za kusini niliyestaajabu kukuta baridi na ukungu mwingine mbali hivyo na kwetu, na Stela, mwalimu wa shule ya msingi kutoka Mwanza, mpangaji wa chumba kilichopakana na changu. Ukuta kati ya vyumba vyetu haukufika juu, kwa hiyo nilijua akikohoa, akisali, akiongea na mchumba wake kwenye simu. Chakula tulikula pamoja kwenye sinia moja, juu ya mkeka. Bi Mwamvua hakutaka habari ya kila mtu na sahani yake. "Sahani ni za hotelini," alisema. Usiku wa kwanza alitupikia ugali wa muhogo na mgebuka, samaki wa Ziwa Tanganyika, kwa mawese, na mimi niliyezoea ugali wa mahindi niliusukuma mdomoni kwa shida, huku yeye akinitazama kwa huruma kama mtu anayemtazama yatima.

Na kabla ya yeyote kunawa, alikula Dagaa. Alikuwa paka jike wa kijivu, sikio moja limechanika, macho yameanza kufifia kama vioo vya dirisha visivyopanguswa. Jina alilipata kwa alivyofika: mume wa Bi Mwamvua alifungua gunia la dagaa lililotoka Ujiji, akakuta kitoto cha paka ndani, kimeshiba hakiwezi hata kukimbia. Hiyo ilikuwa zamani sana, Stela na mimi tukiwa watoto wa shule. Mume alimpenda, na alipougua, paka alilala miguuni pake mpaka siku walipombeba. Tangu hapo Bi Mwamvua alimpa mkia wa samaki na maneno mengi. Nilikuwa nikirudi kazini namsikia anaongea uani, nikadhani kuna mgeni. Mgeni hakuwepo. Alikuwa anamsimulia paka bei za soko.

Mimi nilikuja na siri yangu ndani ya kopo la mafuta ya kujipaka. Nimekuwa na kifafa tangu nikiwa shule. Vidonge nilivyokunywa asubuhi na jioni vilinituliza vizuri kiasi kwamba chuoni nilimaliza bila mtu kujua, na nilikusudia kuendelea hivyo hivyo hadi uzeeni. Kibondo ni mji mdogo. Ukionekana dirisha la dawa hospitalini, kesho yake karani wa ofisi ya jirani anakupa pole. Kwa hiyo dawa zangu nilizifuata Kasulu, kwenye zahanati ambako hakuna aliyenijua, Jumamosi moja kila mwezi, vumbi la barabara likinijaa mpaka kwenye kope. Stela aliamua nina mwanaume huko. "Siku ya Kasulu leo, bosi! Mwambie shemeji atutumie japo ndizi," alinitania, na mimi nilicheka na kumwacha aamini. Ni afadhali kusingiziwa mchumba kuliko kujulikana mgonjwa.

Dagaa alianguka mara ya kwanza Jumapili, baada ya chakula cha mchana, mvua ikipiga bati. Stela alikuwa ananisuka. Nilikaa sakafuni kati ya magoti yake, na paka alikuwa juu ya kaunta, mahali pake pa siku zote. Nilimwona akigeuza shingo pembeni, polepole, kama anayeitwa na mtu aliye nyuma ya rafu. Kisha akadondoka kama furushi. Mwili ulikakamaa, halafu miguu yote minne ikaanza kukimbia huku yeye amelala ubavu, anakimbia na hafiki, kucha zinakwaruza saruji, povu linatoka, mkojo unasambaa. Stela aliruka juu ya benchi, akaniacha na nywele nusu. "Yesu wangu! Ana nini huyu?" Bi Mwamvua aliingia kutoka uani na mikono yenye majivu ya kusugulia sufuria, akapiga magoti, akawa anaita tu, "Dagaa. Dagaa mama. Dagaa."

Mimi sikuinuka. Watu hawafikirii jambo hili: mwenye kifafa ndiye mtu pekee katika nyumba ambaye hajawahi kukiona. Wengine wote wameona. Mama ameona, wanafunzi wenzako wameona, mwalimu ameona. Wewe unaondoka, unarudi, unakuta nyuso. Maisha yangu yote nilizijua nyuso, sikukijua kilichozifanya ziwe vile. Sasa kilikuwa mbele yangu, kwenye mwili mdogo wa kijivu, na niliwaza, kumbe ndivyo. Kumbe ndivyo ninavyokuwa. Kilipomwachia, paka alilala akihema, kisha akasimama akiyumba na kutembea moja kwa moja hadi ukutani, akagonga kichwa, akageuka, akagonga mguu wa kaunta. Hakuona kitu. Halafu akaanza kulia njaa, njaa kali ya aibu, akala mabaki yote kwenye sinia na kutafuta mengine. Stela alisema ni mambo ya majini. Mimi njaa ile niliijua, na ladha ya chuma ulimini niliijua, na ule uchovu wa kama umebeba mawe ukiwa usingizini.

Akaendelea kuanguka. Mwanzoni ilipita wiki nzima bila kitu, na Bi Mwamvua akasema amepona, ilikuwa joto la tumbo. Kisha akawa anaanguka kila baada ya siku chache. Habari ilitoka nje ya ua kama moshi. Jirani yetu, Mama Bukuru, Muha wa huko Nyabibuye mpakani aliyeolewa mtaani kwetu, alikuwa akichota maji kwenye kisima chetu, na alimwona paka siku moja amelala kwenye matope akipiga miguu. Aliweka ndoo chini. "Ee mama we! Hii paka iko na intandara," alisema. Ndivyo wa kule wanavyokiita kifafa. "Ifunge kwenye gunia, uipeleke mbali. Isije ikaleta kwa watu." Bi Mwamvua alimjibu kwamba gunia ndilo lililomleta na gunia halitamwondoa. Lakini alijibu kinyonge. Jioni ile nilimkuta amekaa na msahafu, anasoma kwa sauti ya chini, na paka amelala kwenye pindo la kanga yake.

Siku nyingine nilirudi kazini mapema kwa sababu umeme wa jenereta ulikatika, nikajilaza chumbani. Uani Stela na Mama Bukuru walikuwa wanamenya muhogo, hawakujua nipo. Nilisikia visu, nilisikia maganda yakianguka kwenye beseni. Mama Bukuru alikuwa anamsimulia juu ya binti mmoja wa kwao aliyeangukia motoni.

"Na watu walikuwepo?" Stela aliuliza.

"Walikuwepo wengi."

"Wasimtoe?"

"Utamshika vipi na povu linatoka? Ukiligusa linakuhamia. Walisubiri litulie. Basi mpaka linatulia, mkono ulikuwa umeisha."

"Hata kwetu ni hivyo hivyo," Stela alisema. Sauti yake haikuwa na ubaya wowote. Ndiyo ile ile aliyonitania nayo. "Ukiwa na ndugu wa hivyo, kikombe chake peke yake, godoro lake peke yake. Mimi siwezi kulala nyumba moja na mtu wa hivyo. Hata huyu paka, namwonea aibu tu Bi Mwamvua."

Nililala nikitazama bati. Mpaka leo, mtu akiniambia jambo zuri, huwa najiuliza angesema nini kama ningekuwa upande wa pili wa ukuta. Sidhani Stela alikuwa mtu mbaya. Mwezi uliotangulia nilipopata malaria ni yeye aliyenipikia uji na kunifulia shuka. Alikuwa mtu mwema aliyefundishwa jambo moja vibaya, na jambo hilo moja lilikuwa mimi.

Bi Mwamvua alienda kwa bwana mifugo wa pale Kibondo. Bwana yule alicheka, si kwa dharau, alicheka kama aliyeombwa kumnyoa samaki. Yeye ni wa ng'ombe na mbuzi. Lakini alimwelekeza kwa mzee mmoja Kasulu, daktari wa mifugo mstaafu, Mzee Ntahondi, aliyesifika kwa kusikiliza wanyama wa kila aina. Bi Mwamvua aliponiomba nimsindikize, nilichagua Jumamosi ya dawa zangu. Tulimweka Dagaa kwenye kikapu cha ukindu, tukakifunika kanga. Kondakta wa basi aliuliza kuna nini, Bi Mwamvua akasema kuku. Basi lilipoanza kutikisika kikapu kikalia. "Kuku wako anaongea lugha gani, mama?" kondakta akauliza, basi zima likacheka, na Bi Mwamvua, ambaye hakuwa amecheka tangu mvua zianze, akacheka mpaka akafuta macho.

Mzee Ntahondi alifuga nguruwe, na Bi Mwamvua alipogundua hivyo alikataa kuvuka geti. Ikabidi mzee atoke na kigoda chake, akampima paka barabarani, bodaboda zikitupita. Alimfungua mdomo, akamwangalia macho kwa tochi, akambonyeza tumbo, akauliza maswali yake taratibu. Anaanguka vipi? Kwa muda gani? Akiamka anafanyaje? Nilijikuta najibu mimi, na najibu zaidi ya nilichoulizwa. Mwishowe alimrudisha kikapuni kwa heshima.

"Mama, huyu amezeeka," alisema. "Paka kijana akianguka, tunatafuta sumu, tunatafuta minyoo. Mzee akianza kuanguka, mara nyingi kuna kitu kimeota kichwani. Siwezi kukiona, na Kasulu nzima hakuna wa kukiona."

"Kwa hiyo hakuna dawa?"

"Ya kumponya hakuna. Ya kumpunguzia ipo. Fenobabito, hii hii ya binadamu. Robo ya kidonge asubuhi, robo jioni. Lakini hospitali haitakupa kwa ajili ya paka, na mimi sina. Na ukiipata, ukaianza, usiikate ghafla. Ukikata ghafla, ugonjwa unarudi na hasira."

Akatueleza na mengine: tusimshike kwa nguvu, tusimtie kitu mdomoni, tuweke kitu laini chini ya kichwa, tumweke mbali na moto na mahali pa juu. Bi Mwamvua alisikiliza, kisha akauliza kwa sauti ndogo, "Na mate yake, daktari? Watu wanasema mate."

"Mate ni mate, mama," alisema mzee. "Hayaambukizi."

Nilimwacha Bi Mwamvua kwa kaka yake karibu na soko, nikaenda zahanati. Tuliporudi basini kikapu kilikuwa kwenye magoti yake na mkoba kwenye magoti yangu, na kila gurudumu lilipoingia shimoni nilisikia vidonge vikilia ndani ya chupa. Nilikohoa ili asisikie.

Kilichonifungua mdomo ni jiko. Wiki ile ile, Bi Mwamvua alikuwa ameinjika maharage uani, Dagaa akapita karibu kuota moto, na kifafa kikamkamata pale pale. Alipiga sufuria, sufuria ikamwagika, mguu wa mbele ukaingia kwenye makaa. Bi Mwamvua alimchomoa kwa mikono mitupu. Nilipofika nyumbani nilimkuta amekaa kwenye kinu kilicholazwa, viganja vyake vimepakwa asali, paka amefungwa kitambaa mguuni, na maharage yametapakaa chini hakuna aliyeyazoa. Niliingia chumbani, nikafungua kopo, nikakata kidonge kwa wembe, nikatoka na robo mkononi. Jikoni kulikuwa na kipande cha mgebuka. Nikakifukia ndani.

"Mpe hiki," nilisema.

"Nini hicho?"

"Ile dawa."

Alinitazama. "Umeipata wapi?"

"Ni yangu."

"Yako vipi?"

"Ninayokunywa mimi, Bi Mwamvua."

Mawese ya mboga nyingine yalikuwa kwenye moto, yakaanza kutoa moshi, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue aliyaacha yaungue. "Tangu lini?" aliuliza. Nikamwambia tangu shule. "Na Stela anajua?" Hapana. "Basi asijue," alisema, akachukua samaki kwenye kiganja changu, na niliona vidole vyake vikijitahidi kutogusa vyangu. Labda ni kwa sababu ya malengelenge. Sikufikiri hivyo wakati ule. Jioni, nilipotoka kula, nilikuta sinia lina watu wawili na pembeni kuna sahani, imefunikwa vizuri, ugali na mboga. "Umechoka wewe, kapumzike na chakula chako," alisema bila kuniangalia. Stela alidhani ni upendeleo, akanitania. Nilikula chumbani. Siku ya pili sahani, siku ya tatu sahani. Nimepoteza vitu vingi katika maisha haya, mchumba mmoja akiwemo, lakini sijui kama kuna kilichoniingia mfupani kama ile sahani ya bati yenye maua mekundu, iliyofunikwa kwa adabu.

Ijumaa, aliporudi msikitini, aligonga mlango wangu na kuingia bila kungoja. Alikaa kitandani kwangu. Alinusa mkono wake, kama alivyokuwa akifanya akiwa na neno zito. "Juzi nilimfuta Dagaa povu kwa kanga hii hii," alisema. "Nimejifunga na kanga hii hii. Nimeswali. Na daktari alinijibu swali langu wewe ukiwa umesimama pale." Alishika pindo la shuka langu, akalinyoosha. "Mimi ni mtu mzima na nimekosa akili. Njoo ule." Hakusema samahani, kwao neno hilo mkubwa hampi mdogo, na mimi sikulingoja. Tukaenda kula. Stela akauliza kama nimepona.

Miezi iliyofuata ilikuwa ya amani kadiri nyumba ile ilivyoweza kuwa na amani. Dawa ilimkubali Dagaa. Alianguka mara chache, lakini alilewa. Alitembea kwa upana kama baharia, akakosea mlango, akalala kwenye bakuli lake. Bi Mwamvua alitandika gunia chini ya kaunta na kumkataza kupanda. Asubuhi kabla sijaenda kazini, na jioni kabla ya Magharibi, alisimama uani akaita kwa sauti ya chini, "Haya, wagonjwa wangu," nami nilitoka na kopo, nikameza cha kwangu mbele yake, akampa paka cha kwake. Sikuwahi kumeza dawa mbele ya mtu tangu nitoke kwetu. Yule mnyama, ambaye awali hakunijali, akaanza kunifuata. Alinilalia miguuni nikichapa kazi nilizorudi nazo, mzito na mwenye joto, na pumzi yake ilikuwa ya mzee, mbaya kabisa, na sikumwondoa.

Kisha zahanati ya Kasulu ikaishiwa. Nilikwenda, nikaambiwa njoo mwezi ujao. Mwezi ujao wakanipa nusu. Sikumwambia mtu. Niliendelea kumkatia Dagaa robo zake, na mimi nikapunguza vyangu, nikijipa moyo kwamba nimekaa miaka bila kuanguka. Nilianguka Jumamosi mchana, uani, nikianika nguo. Ninachokumbuka ni kibanio cha nguo, cha buluu, kikiwa kikubwa sana. Kisha nyuso. Nilikuwa nimelala ubavu, kanga imekunjwa chini ya kichwa changu, ndoo na mawe vimesogezwa mbali, na mkono wa Bi Mwamvua ulikuwa juu ya bega langu, usio mzito. Mama Bukuru alikuwa amesimama kwenye kisima na mikono kichwani. Stela alikuwa mlangoni. Nilisikia Bi Mwamvua akisema, "Mnatazama nini? Leteni maji ya kumnawisha." Hakuna aliyekwenda. Akainuka mwenyewe, magoti yakilia, akaleta maji, akaninawisha mdomo kwa kiganja chake chenye makovu ya makaa.

Stela alihama wiki ile. Alikuja kuniaga akisimama nje ya mlango wangu, godoro lake limeshafungwa kamba. Alilia kweli. "Siyo wewe, Edina," alisema. "Mimi ni mwoga tu." Baada ya hapo ofisini wakajua. Hakuna aliyenifukuza, walinihamisha tu kutoka kiti cha mbele, kinachopokea wageni, wakanipa chumba cha nyuma chenye mafaili na dirisha linalotazama choo. Mkuu wangu alisema ni kwa ajili ya afya yangu. Nilichapa barua humo mwezi hadi mwezi na hakuna aliyeingia kuniazima kalamu.

Nyumbani tulibaki watatu. Nilipomweleza kwamba Kasulu dawa zinapatikana kwa kubahatisha, Bi Mwamvua alishika kopo la dawa yeye; alisema mimi siaminiki. Kila asubuhi na jioni alinipa kidonge kizima, akangoja nimeze, na robo za Dagaa alizikata mwenyewe na kwenda nazo nyuma ya kaunta. Mvua za vuli zilianza. Dagaa akaanza tena kuanguka, kidogo kidogo, halafu sana. Nilimuuliza kama anampa dawa. "Nampa," alisema. "Ugonjwa umekua." Asubuhi ya mwisho alianguka, akaamka, akaanguka kabla hajasimama, na tena, na tena, hapakuwa na nafasi katikati. Nilichelewa kazini kwa makusudi. Tulikaa sakafuni chini ya rafu zile tupu, kanga chini ya kichwa chake, na Bi Mwamvua akawa anamwambia bei za soko, muhogo kiasi gani, nyanya kiasi gani, mpaka miguu ikaacha kukimbia. Tulimzika nyuma ya jiko. Udongo ulikuwa mwekundu na mzito wa mvua, na ulirudi kwenye jembe kila tulipoutupa.

Tulipomaliza kunawa, alikaa kwenye benchi la ukumbi, akafungua fundo kwenye pindo la kanga yake. Ndani mlikuwa na vipande vidogo vyeupe, vingi, vingine vimeanza kuwa unga. Nilivitambua. Nilivitazama kwa muda mrefu kabla sijamtazama yeye.

"Ulisema unampa," nilisema.

"Nilimpunguzia. Kisha nikaacha."

"Mzee Ntahondi alisema usikate."

"Nilikuwepo," alijibu. "Nilisikia vizuri kuliko wewe." Macho yake yalikuwa makavu. Alikuwa amechoka kama mtu aliyetoka safari. "Huyu paka nimekaa naye miaka mingi kuliko niliyokaa na mume wangu. Usidhani sikumpenda. Lakini nilikuona siku ile uani. Yeye akianguka anakamata sakafu. Wewe huna kucha."

Nilihamishwa kutoka Kibondo mwaka uliofuata. Nimeolewa na mtu anayejua, nimezaa, naanguka mara moja moja, nainuka. Kuna siku nafikiri alinipa zaidi ya haki yangu, na kuna siku namkasirikia kwa kutoniuliza, maana ningekataa. Siku ile sikukataa. Alivimimina vile vipande kiganjani kwangu, akachagua vinne, akavipanga pamoja kwa ncha ya kidole hadi vikawa kidonge kimoja. Akanijazia kikombe maji. Adhana ilikuwa haijaanza, mvua ilikuwa imepumzika, na uani hakuna aliyetuita. Akangoja nimeze, nami nikameza.